Bakuli la Jirani na Mihogo Yake

Mjukuu wangu yuko kidato cha nne. Amekuja likizo na kitabu cha hadithi ambacho lazima akimalize, halafu ajibu swali. Swali lenyewe alinisomea mara mbili, maana ya kwanza nilikuwa napepeta mchele sikusikia. Linasema eleza jinsi umaskini unavyowasukuma watu kwenye uhalifu, na jinsi wanavyotubu, kwa kutumia kitabu ulichosoma. Nikamwambia hebu kisome kwa sauti na mie nisikie. Shule niliishia darasa la tatu, lakini masikio hayakuishia huko.

Basi akasoma siku nne. Mie nakuna nazi, yeye anasoma. Kuna mwanamume maskini, ana mke mgonjwa na watoto, anaiba dukani, anakamatwa, anafungwa. Huko gerezani analia. Analia ukurasa mzima, anapiga kichwa ukutani, anaomba msamaha kwa kila mtu aliyemjua. Akitoka amekuwa mtu mwema, na mwenye duka anamkumbatia. Mjukuu wangu machozi yalimlengalenga. Akaniuliza, "Bibi, umeionaje?"

Nikamwambia nzuri, ila aliyeiandika hajawahi kuiba.

Akacheka. Nikamweleza. Kwanza, mtu mwenye njaa halii ukurasa mzima, hayo machozi atayatoa wapi. Halafu mwizi maskini haendi kwa mtu asiyemjua. Anamwibia anayemjua, ambaye anajua analala saa ngapi na mlango wake unalia wapi. Na hakuna mwenye mali wa kukukumbatia siku hiyo hiyo, labda kama mali yenyewe hakuipenda.

Akaacha kucheka. Akasema, "Bibi, wewe umejuaje?"

Ndiyo nikamwambia atafute daftari jingine. Mie nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kuninyoosha Kiswahili changu.

Haya. Hapa Moa, na sidhani kama ni Moa peke yake, jirani akikuletea chakula kwenye bakuli, bakuli lile halirudi tupu. Unakula, unaliosha, unatia ulichopika wewe, ndipo unalirudisha. Ukikosa cha kupika utatia maembe, utatia hata sukari kwenye karatasi. Kulirudisha tupu ni kumwambia mwenzako nimeshiba chako na sina habari na wewe. Mama yangu aliona bakuli limerudishwa tupu mara moja maishani mwake, na alikuwa akilihadithia mpaka anakufa, kama mtu aliyeshuhudia treni imeanguka.

Mwezi wa Ramadhani ndiyo usiseme. Ikifika alasiri mabakuli yanapishana njiani, yamefunikwa kawa, la huyu linakwenda kwa yule, la yule linakuja kwa huyu. Mgeni akitazama atadhani tungeokoa muda kila mtu akila chake. Asingekosea, lakini haingekuwa Ramadhani.

Mie kazi yangu ni vitumbua. Mwaka ule mjukuu wangu huyu huyu alifaulu kwenda kidato cha kwanza, shule ya bweni. Usiache kuandika, mwanangu. Orodha ya vitu ikaja: godoro, ndoo, sare, viatu, fagio, jembe. Jembe la nini sijui, maana nilidhani anakwenda kusoma. Baba yake, ambaye ni mwanangu, alikuwa Dar es Salaam, na simu yake ilikuwa ikipokelewa na yule dada anayesema haipatikani. Kwa hiyo mchele wa vitumbua ukageuka godoro, mafuta yakageuka viatu, na mtaji wangu wote ukapanda basi ukaenda shule.

Majirani wakaja kunipongeza. Sijui nilipatwa na nini. Nikawaambia vitu vyote kavileta baba yake. Nikaongeza kwamba na mie ananitumia, kaniambia nipumzike vitumbua, umri umekwenda. Nilisema vizuri sana, mpaka nikajionea gere mwenyewe.

Basi hakuna aliyejua. Watu waliona sichomi vitumbua wakasema bibi yule kapumzishwa na mwanawe. Mwezi wa Shaabani ukapita hivyo hivyo. Shaabani nauruka, haukuwa na mambo. Ramadhani ikaingia.

Siku ya kwanza tu, jirani yangu wa mkono wa kulia akaleta mbaazi za nazi. Huyu jirani tumejuana tangu tukiwa maharusi. Nimemkanda uzazi wake wote, naye kanikanda wangu. Mbaazi zilikuwa kwenye bakuli jeupe la maua ya buluu, moja ya sita aliyonunua Horohoro mpakani. Akaja jirani wa mkono wa kushoto, mke wa mchimba vyoo, na yeye ni Mkatoliki, asili yao ni watu wa milimani waliokuja zamani na kazi ya mkonge. Yeye hafungi, lakini anajua sisi tumefunga, akaleta magimbi. Wakaja na wengine wanne. Nikala vizuri. Nikayaosha mabakuli, nikayapanga, nikayaangalia. Yakaniangalia.

Kesho yake nilijaribu ujanja. Magimbi yaliyobaki ya wa kushoto nikayatia kwenye bakuli la mtaa wa pili. Lakini hapa kwetu mkono wa mtu unajulikana. Yule mama alionja akasema, heh, haya magimbi kama ya kwa yule mke wa mchimba vyoo. Nikasema kanifundisha. Nikaona njia hiyo haina umri mrefu, tena nikigawa chakula nilicholetewa mie nitakula nini.

Basi mabakuli nikayaweka chini ya kitanda. Nikayafunika kanga yasipate vumbi. Nikajiambia kesho nitapata cha kutia. Kesho ikawa kesho kutwa. Ilipofika siku ya saba nilikuwa na mabakuli matano ya watu chini ya kitanda, safi kabisa, na jina la hilo jambo nikawa nalijua ila silitamki. Niliiba vyombo kwa ajili ya adabu. Sijui kitabu cha mjukuu wangu kingeliweka fungu gani hilo.

Sasa hapa kwetu mtu hakuulizi moja kwa moja bakuli langu liko wapi. Hilo ni tusi. Jirani wa kulia akaja mchana, akaketi ukingoni mwa kitanda changu, akajipepea na ushungi. Akaanza mbali, kwenye mvua. Akaja kwenye binti yake aliyeolewa mjini, kwamba wakwe watakuja kula Idi kwake, na ni watu wa kuangalia vyombo. Halafu akasema, "Shoga, mie akili zinaniisha. Lile bakuli langu la sita silioni. Nahisi nimelisahau msibani."

Nikamwambia aangalie vizuri, misibani vitu vinapotea sana. Bakuli lilikuwa chini yake, kiasi cha shubiri mbili.

Alipoondoka nikajua lazima lirudi kabla ya Idi, na lazima lirudi na kitu. Nazi nilikuwa nazo, mnazi wangu mmoja uani haujaninyima. Lakini nazi ghafi kwenye bakuli ni kumwambia mtu haya kapike mwenyewe. Na nyuma ya nyumba yake yeye kulikuwa na mihogo. Mie mwenyewe nilimsaidia kuipanda. Niliijua ile mihogo kuliko nilivyomjua mwanangu.

Ramadhani saa nane mchana, mtaa mzima umelala. Hata kuku wanatembea taratibu. Nikaingia shambani na kijembe kidogo, nikang'oa mashina matatu. Kila shina nikalivunja mihogo yake, halafu mti wenyewe nikaurudisha shimoni, nikaukanyagia udongo kwa kisigino. Ukisimama mbali huoni tofauti, mihogo imesimama na majani yake. Chini ndiyo hamna kitu.

Nikapika kwa tui zito. Nikajaza mabakuli yote matano, nikafunika, nikayapeleka moja moja. Na jirani yangu wa kulia nikamrudishia bakuli lake la maua limejaa mihogo yake. Akaonja kidole palepale akasema tamu sana hii, umeitoa wapi? Nikasema imeletwa.

Jambo moja lilikuwa likinisumbua. Nilikuwa nimefunga, na nilikuwa nimeiba. Nikamwendea mwalimu wa madrasa, nikamwambia kuna mama mmoja huko Pangani, kaniuliza nimuulizie, mtu akichimba mihogo isiyo yake mchana wa Ramadhani, saumu yake inakuwaje. Mwalimu akafikiri. Akasema saumu inabaki lakini thawabu zinakuwa kama maji kwenye pakacha. Akasema mwambie huyo mama wa Pangani arudishe. Nikasema nitamfikishia.

Nilidhani yameisha. Mabakuli yamerudi, adabu imetimia, ninatubu, basi. Lakini mie ni mjinga, nilisahau desturi yenyewe inavyokwenda. Bakuli likienda limejaa, mwenzako naye hawezi kukaa nalo. Kesho yake tu yakarudi yote matano. Tena safari hii makubwa zaidi, maana watu waliona kwangu mambo mazuri, mihogo ya tui zito, mwanawe anamtumia kweli. Jirani wa kulia alileta wali na kuku. Nilipofungua kawa moyo ulinishuka kama mtu aliyeletewa barua ya mahakama.

Basi nikarudi shambani. Mashina manne. Nikapeleka. Wakarudisha. Nikarudi tena, manne mengine, na mara ile nilikuwa na haraka, chumvi ikazidi. Wizi wa kwenye vitabu mtu anaiba anapata. Mie nilivyozidi kuiba ndivyo nilivyozidi kudaiwa.

Shambani nako majani yakaanza kunyauka. Jirani akaja kunieleza huku anasikitika. Alisema tangu Shaabani fuko alimlia mashina matatu, akadhani kahama, kumbe amerudi, na amerudi na hamu. Ametega mtego wa waya, hakunasa kitu. Kisha akaniomba jambo. Kwa kuwa mie sina usingizi wa mchana, nimwangalizie shamba saa zile za saa nane.

Nikakubali. Ningesemaje? Nikawa nakaa kwenye kigoda mlangoni kwangu, naangalia shamba. Nililinda vizuri. Siku nilizokuwa zamu hakuibiwa hata jani, isipokuwa ile mara ya tatu.

Baada ya hapo akamwita yule mchimba vyoo, mume wa jirani wa kushoto, aje amtazamie shimo la huyo fuko, maana yeye mambo ya udongo ndiyo kazi yake. Yule baba akainama, akatazama, akagusagusa. Mkweli yule, kasoro yake ndiyo hiyo. Akasema, "Mama, huyu si fuko. Fuko hachagui mashina makubwa, na hakanyagi udongo kwa kisigino."

Mtaa ukasikia. Na mtaa ukauliza swali lile lile aliloniuliza mjukuu wangu: yeye kajuaje?

Siku mbili tu watu walishakubaliana. Nani anajua kuchimba? Yeye. Nani hafungi, mchana ana nguvu? Yeye. Nani ana watoto wengi? Yeye. Hakuna aliyemwambia usoni. Ila mabakuli yaliacha kupita mlangoni kwake. Mkewe alikuwa akituletea magimbi, magimbi ya kutoka kwa ndugu zao Maramba, na sasa akileta watu wanasema tumeshapika, ahsante. Nilimwona akirudi na bakuli lake limejaa, kalishika vile vile alivyokwenda nalo. Sijui kama mnanielewa. Kurudi na bakuli tupu ni aibu, lakini kurudi nalo limejaa sijawahi kuona kabla ya siku ile.

Nilitaka kusema, nikanyamaza. Nilijiambia yatapita.

Hayakupita. Jirani yangu wa kulia akaamua isomwe Halbadiri. Kwa asiyejua, hicho ni kisomo cha kumshtakia mwizi kwa Mungu. Wanakusanyika watu, unafukizwa ubani, yanasomwa majina ya watu wema wa zamani, na mwizi popote alipo mambo yake yanaharibika. Wengine wanavimba tumbo, wengine wanapoteza akili. Mwalimu alimwambia avute subira mpaka baada ya Idi, akakataa, alisema wakwe wanakuja na shamba limekuwa kipara. Ikawekwa Alhamisi baada ya alasiri, watu wafuturu hapo hapo.

Na kwa kuwa ni shughuli, kila jirani achangie sahani moja. Akaja mlangoni kwangu ana furaha kidogo, kama mtu aliyeona mwisho wa tabu. Akasema, "Wewe lete ile mihogo yako ya tui. Kila mtu ameisifu."

Mwanangu, andika taratibu hapa. Niliambiwa nipeleke chakula kwenye kisomo cha kuniapiza mie. Na chakula chenyewe mihogo. Na mihogo yenyewe iko mahali pamoja tu.

Nilikaa kwenye kigoda saa nane ile ya Alhamisi, kijembe kiko miguuni. Shamba liko mbele yangu. Mtaa umelala. Nikawa nafanya hesabu ya mashina yaliyobaki, na nikaona yanatosha. Hilo ndilo lililonitisha. Sikulia. Nilikuwa napanga ni lipi nianze nalo. Nikajiona vile ninavyopanga, nikasema ah, huyu bibi sasa amekuwa fundi.

Nikaingia ndani nikachukua bakuli la maua ya buluu, maana lilikuwa limesharudi tena kwangu. Nikaliosha ingawa lilikuwa safi. Sikutia kitu. Wala sikulifunika.

Nilimkuta jikoni anachagua mchele. Akalipokea kwa mikono miwili kama kawaida, na mikono ikapanda juu kwa wepesi wake. Akaangalia ndani. Akaligeuza akaangalia na chini.

"Tupu," akasema.

"Tupu."

"Una nini leo wewe?"

"Sina kitu. Tangu mtoto aende shule sina kitu. Mwanangu hanitumii. Ile mihogo niliyokuwa nakuletea ni yako."

Akaweka ungo chini. Akauliza, "Yote?"

"Yote. Mashina kumi na moja."

"Na yale matatu ya Shaabani?"

"Hayo siyajui. Labda fuko kweli."

Akatikisa kichwa. "Kumbe nilikuwa nakula mihogo yangu huku nakusifu."

"Ulinisifu sana. Iliniuma."

"Ile ya mwisho ilizidi chumvi."

"Nilikuwa na haraka."

Hapo midomo ilimcheza, lakini hakucheka. Alikuwa amekasirika, na hasira yake naijua, inaanzia puani. Akasema, "Ungeniomba ningekupa."

"Najua ungenipa," nikamwambia. "Ndiyo maana sikuomba."

Hakunikumbatia. Aliniambia nitoke mbele yake, nikakae kule nimenye vitunguu, maana wageni wanakuja na yeye hawezi kugombana na kupika kwa wakati mmoja. Nikamenya vitunguu. Hapo ndipo machozi yalitoka, lakini sitaki mjukuu wangu aandike kwamba yalikuwa ya toba. Vilikuwa vitunguu vikali.

Watu wakaja, mwalimu akaja, ubani ukawa tayari. Jirani yangu akasimama akasema shauri limegeuka. Mwizi amepatikana na si yule baba mliyemdhania, na kila aliyemdhania akaombe radhi mwenyewe. Leo hatumshtaki mtu, tutamsomea marehemu mama yake yeye mwenye shughuli. Mwanamke mmoja akauliza, basi ni nani? Akajibu, "Ni fuko. Nimemwona kwa macho yangu. Mkubwa, ana kisigino."

Mwalimu akanitazama. Akaniuliza yule mama wa Pangani anaendeleaje. Nikasema amerudisha.

Kabla ya kufuturu, jirani yangu akajaza pilau kwenye bakuli la maua, akanipa mie, akasema nenda nalo kushoto, na useme mwenyewe. Nikaenda. Mume na mke walikuwa wameketi nje. Wakanipa shikamoo, wakanipa kigoda. Nikawaambia yote, sikuzunguka. Mke akaangalia chini. Yule baba akasema taratibu, "Bibi, mie kisigino nilikijua siku ile ile. Wewe unakanyagia upande."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

Akasema, "Ningesema nani angenisadiki? Wangesema nimeiba, na tena nimemsingizia mtu mzima."

Nikamsukumia bakuli. Mkewe akalipokea. Kesho yake lilirudi kwa jirani yangu limejaa magimbi, nikaliona linapita mlangoni kwangu, na lilipita taratibu makusudi ili mtaa uone.

Adhabu yangu ilikuwa hivi. Mpaka Idi, nisiletewe bakuli na mtu yeyote. Nifuturu kwa jirani yangu, kwenye mkeka wake, mbele ya kila anayepita. Mtu atasema hiyo si adhabu, hiyo ni kushiba. Huyo mtu hajawahi kukaa kwenye mkeka wa mtu aliyemwibia huku anaambiwa kula, mbona huli. Nilikula. Baada ya Idi akaniletea mchele na mafuta, akasema si msaada, anataka vitumbua vya kuwapa wakwe waondoke navyo. Nikachoma. Ndivyo vitumbua vilivyorudi, na ndivyo ulivyoendelea na shule, mwanangu, usinitazame hivyo.

Na ile miti niliyoichomeka nayo ilishika. Masika yalikuwa yameingia, ikatoa majani mapya, mwaka uliofuata ikatia mihogo. Jirani akaiita mihogo ya fuko. Na mie akaniita Fuko. Mpaka leo akipita anaita, Fuko, umeamkaje? Watoto wa mtaani wanadhani ni jina la utani la usichana wetu.

Hapa mjukuu wangu aliweka kalamu chini, akasema Bibi hadithi imeisha vizuri, inafanana na kitabu chake. Mwizi maskini, akatubu, akasamehewa. Akasema ataliandikia swali lake hivyo hivyo.

Nikamwambia chukua kalamu, haijaisha.

Jirani yangu mpaka leo, kila ikifika Shaabani, anatega mtego wa waya shambani. Anainama na mgongo wake mbovu, anakunja waya, anauficha. Ananiambia, "Mie nina mafuko wawili. Mmoja namjua. Wa yale mashina matatu bado." Hanasi kitu. Mwaka huu waya ulimkata kidole, kikamvimba, akapelekwa zahanati kwa bodaboda. Nikamshika mkono njia nzima.

Hapo juu nimesema Shaabani haukuwa na mambo. Mjukuu wangu alitaka arudi akafute. Nimemwambia usifute, liache lilivyo, ongeza tu hili.

Shaabani hapakuwa na mabakuli. Hakuna aliyeniletea kitu, maana hakuna aliyejua. Nilikaa siku mbili na maji na nazi. Siku ya tatu saa nane mchana niliingia shambani kwake na kijembe. Nikachimba shina moja nikalila bichi palepale, nimechuchumaa, na udongo wake. Mawili nikayapeleka nyumbani nikayachemsha bila tui, bila chumvi, nikala nimefunga mlango. Hayakuwa ya kumrudishia mtu bakuli. Yalikuwa ya tumbo langu.

Ndiyo maana kumi na moja niliweza kuyasema. Kumi na moja yalikuwa ya adabu, hata mtu akicheka anacheka na wewe. Yale matatu nilishindwa. Kuitwa mwizi niliweza, nikajibu na salamu. Lakini huyu mwanamke amenikanda uzazi wangu wote, na kati ya nyumba yake na yangu hapana hata hatua ishirini, na mie nilikuwa na njaa pale siku mbili nikimsikia anatwanga. Nilishindwa kumwambia kwamba alikuwepo, na mie sikumwita.

Mjukuu wangu haandiki tena kwa haraka. Namwambia andika, mashina yalikuwa kumi na manne.

Bakuli lake la maua ya buluu liko hapa, jana ameniletea tambi. Nimezila, bakuli nimeliosha. Vitumbua ninavyo, vya moto, vingetosha kulijaza mpaka juu. Sitii. Nikimaliza hii chai nalipeleka lilivyo.